Nambari Zinazojitaja: Historia ya Mchezo wa Herufi na Hesabu, kutoka Pwani hadi Landless

Nambari ina sura mbili. Kwa upande mmoja ni kiasi: mananasi matano, abiria kumi na wanne, shilingi mia. Kwa upande wa pili ni neno, nalo neno lina herufi, na herufi zinahesabika. Mchezo unaoelezwa hapa huzaliwa pale sura hizo mbili zinapokutanishwa. Mtu huandika neno la nambari, huhesabu herufi zake, kisha hutazama jibu linahusiana vipi na nambari iliyotajwa. Mfano unaorudiwa kila mahali ni wa Kiingereza: neno four lina herufi nne kamili, na hakuna nambari nyingine ya lugha hiyo inayojitaja hivyo. Kwa kuwa vitabu vingi vya mchezo huu viliandikwa kwa Kiingereza, imezoeleka kudhani kwamba utamu wake wote umo humo.

Landless ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo. Ni mtaa wa Thika, katika Kaunti ya Kiambu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1913 na baadaye ukawa mji wa viwanda wenye wakazi kutoka kila pembe ya Kenya. Anayekulia huko husikia hesabu kwa Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, na mara nyingi kwa Kikamba pia, maana Machakos ni jirani. Hesabu ya herufi ikipigwa katika lugha hizo, kila moja hutoa jibu lake. Kikuyu ndicho chenye jibu la ajabu kuliko zote, kama itakavyoonekana. Lakini mchezo huu una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika pwani ya Waswahili.

Kabla ya tarakimu za leo kuenea, mataifa kadhaa yalitumia herufi zao kuandikia nambari. Wagiriki, Wayahudi na Waarabu walifanya hivyo, na herufi ikishakuwa na thamani, kila neno lina jumla yake, mtu apende asipende. Kwenye kuta za Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna maandishi ya Kigiriki ya mtu anayetangaza kwamba anampenda mwanamke ambaye nambari yake ni 545. Jina hakulitaja. Aliyejua kujumlisha na kufikiri ndiye angeweza kukisia.

Kwa Waarabu mfumo huo unaitwa abjadi, kwa majina ya herufi zake nne za kwanza: alif ni 1, be ni 2, jim ni 3, dal ni 4. Herufi ya kumi ni ye, yenye thamani ya 10. Baada yake thamani hupanda kwa makumi hadi kufika 100, kisha kwa mamia hadi ghaini, ambayo ni 1000. Mfumo huu uliingia pwani pamoja na elimu ya Kiislamu na hati ya Kiarabu, ambayo Waswahili waliitumia kuandikia lugha yao kwa karne kadhaa. Alama yake inayoonekana zaidi mitaani hadi leo ni nambari 786, ambayo baadhi ya Waislamu huiandika juu ya milango ya maduka, kwenye magari na kichwani mwa barua. Ni jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi kwa Kiarabu. Neno la kwanza, bismi, lina 102. Jina la Mwenyezi Mungu lina 66. Ar-Rahman lina 329. Ar-Rahim lina 289. Zikijumlishwa hupatikana 786. Wako wanaoona kwamba nambari haiwezi kushika nafasi ya maneno matukufu, na mjadala huo haujafungwa.

Matumizi mengine ya abjadi pwani yalikuwa ya unajimu. Mtu akitaka kujua nyota yake, mtaalamu huandika jina lake na jina la mama yake kwa Kiarabu, hujumlisha thamani za herufi, kisha hutoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ibaki nambari ndogo. Tuseme jina ni Ali na mama ni Maryamu. Ali ni aini 70, lam 30 na ye 10, yaani 110. Maryamu ni mim 40, re 200, ye 10 na mim 40, yaani 290. Jumla ni 400. Kumi na mbili zikitolewa mara thelathini na tatu, inabaki 4, na nyota ya nne ni Saratani, baada ya Hamali, Thauri na Jauza. Maulamaa wengi wameikataa imani iliyo nyuma ya hesabu hii. Hesabu yenyewe, hata hivyo, ni ya kweli kabisa: ni kugawanya na kutafuta baki, na wengi waliojua kuifanya hawakujifunza katika shule ya serikali. Walijifunza kwa kukaa na waliotangulia.

Katika elimu hiyohiyo kulikuwa na mraba wa ajabu, yaani nambari zilizopangwa katika vyumba tisa hivi kwamba kila safu, kila mstari wa wima na kila mshazari una jumla moja. Mraba wa 1 hadi 9 una jumla ya 15, na pembeni mwake hukaa 2, 4, 6 na 8. Kwa abjadi hizo ni be, dal, wau na he, ambazo husomwa kwa pamoja buduhu, neno lililoandikwa kwenye hirizi katika nchi nyingi za Kiislamu. Hapa herufi na hesabu zimeshikana kiasi kwamba haijulikani ipi inamfuata mwenzake.

Njia ya pili ya Waswahili kuhesabu maneno haikuwa na uganga wala siri. Ni mizani ya ushairi. Mshairi hahesabu herufi, huhesabu silabi: utendi una mizani minane kwa kila kipande, na shairi la kawaida lina kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulishikilia kanuni hiyo kwa mamia ya beti. Basi ni haki kuuliza swali la mchezo kwa kipimo cha mshairi kwanza. Moja ina silabi mbili, mbili ina mbili, tatu mbili, nne mbili (n-ne), tano, sita, saba, nane, tisa na kumi vivyo hivyo. Maneno yote kumi yana mizani miwili miwili, bila hata moja kukengeuka. Kwa silabi, basi, Kiswahili kina nambari moja tu inayojitaja, nayo ni mbili, na nambari nyingine zote humwangukia yeye: kumi na moja ina silabi tano, tano ina mbili, mbili ina mbili.

Ulinganifu huu una sababu. Mashina ya Kibantu ya nambari ndogo ni mafupi, na maneno yaliyotoka Kiarabuni, sita, saba na tisa, yalikatwa yakatoshea kipimo hichohicho. Pwani iliwahi kusema tandatu kwa sita, na kenda kwa tisa haijafa hadi leo. Neno la zamani la saba limebaki katika fungate, siku saba za harusi, neno lenye herufi saba.

Kuhesabu herufi badala ya silabi kulihitaji jambo lingine: tahajia isiyobadilika. Kwa hati ya Kiarabu irabu fupi si herufi kamili, na neno moja liliweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, waliandika kwa hati ya Kilatini, kila mmoja kwa mazoea yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo neno arobaini likawa na herufi nane kwa Mkenya na kwa Mtanganyika. Kamati haikuwa na habari na michezo ya maneno, lakini ndiyo iliyoupa mchezo huu uwanja tambarare kwa Kiswahili.

Wakati huohuo, Uingereza na Marekani mchezo ulikuwa unapata sura mpya. Mwaka 1924 Henry Dudeney, mtunzi wa mafumbo ya hesabu, alichapisha katika jarida la Strand hesabu ya kujumlisha iliyoandikwa kwa herufi tupu: SEND na MORE hutoa MONEY. Kila herufi ni tarakimu moja, na jibu ni moja tu: 9567 na 1085 hutoa 10652. Baadaye walitokea waliotaka zaidi, kwamba maneno yenyewe yawe ya nambari na yaseme kweli, ili hesabu iwe sahihi kwa herufi na kwa maana. Mfano mashuhuri ni FORTY na TEN na TEN hutoa SIXTY, yaani 29786 na 850 na 850 hutoa 31486. Mwaka 1965 Dmitri Borgmann alitoa kitabu kizima kuhusu michezo ya maneno, na mwaka 1968 likaanzishwa jarida la Word Ways kwa ajili ya fani hiyo. Lakini mtu aliyeusogeza mchezo huu mbali kuliko wote ni Lee Sallows, mhandisi Mwingereza aliyeishi Nijmegen, Uholanzi. Mwaka 1986 alionyesha mraba wa ajabu wenye safu za 5, 22, 18; 28, 15, 2; na 12, 8, 25. Kila upande jumla ni 45. Ukiondoa nambari ukaweka idadi ya herufi za majina yake kwa Kiingereza, unapata mraba mwingine wa ajabu, wenye jumla ya 21.

Kiswahili kinaweza kufanya hayo? Kila dai linalofuata linakaguliwa kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, mnyororo. Mtu huchagua nambari yoyote, huhesabu herufi za neno lake, huchukua jibu na kurudia. Kwa Kiingereza kila njia huishia four. Kwa Kiswahili saba ina herufi nne, nne ina tatu, tatu ina nne, nne ina tatu, na hapo hakuna kutoka. Kumi na mbili ina herufi 11, kumi na moja ina 10, kumi ina 4, nne ina 3. Ishirini na moja ina 14, kumi na nne ina 9, tisa ina 4. Tatu na nne hutupiana mpira milele, na kila nambari huishia mikononi mwao. Hakuna hata moja inayojitaja. Uthibitisho ni mfupi: kuanzia 1 hadi 11 mtu huhesabu mwenyewe na kuona hakuna inayolingana, na kuanzia 12 na kuendelea neno huwa fupi kuliko nambari, kwani neno refu kuliko yote chini ya ishirini lina herufi 11, na refu kuliko yote chini ya mia, thelathini na mbili, lina 17.

Pili, mraba wa Sallows. Hapa Kiswahili kina bahati isiyotarajiwa. Arobaini, hamsini na sitini zina herufi 8, 7 na 6: nambari zinapanda kwa kumi na herufi zinashuka kwa moja moja. Mbili, tatu na nne zina 5, 4 na 3, mwendo uleule. Vitu viwili vinavyokwenda kwa hatua sawa vinatosha kujengea mraba wa ajabu wa vyumba tisa. Safu ya kwanza ni 43, 62, 54. Ya pili 64, 53, 42. Ya tatu 52, 44, 63. Kila safu, kila mstari wa wima na kila mshazari una jumla ya 159. Sasa badala ya arobaini na tatu liwekwe 14, idadi ya herufi zake. Badala ya sitini na mbili, 13. Hamsini na nne, 12. Safu ya pili huwa 11, 13, 15, na ya tatu 14, 13, 12. Kila upande jumla ni 39. Nambari chache zinajirudia katika mraba wa herufi, tofauti na ule wa Sallows ambao hauna marudio, na kwa macho ya mpenda miraba hilo ni dosari. Hata hivyo hakuna herufi mbili zenye sauti moja, kama th au sh, katika maneno hayo tisa, kwa hiyo hakuna ubishi wa namna ya kuhesabu.

Tatu, hesabu za Dudeney. Tano na tano ni kumi, na TANO na TANO hutoa KUMI hata kwa tarakimu. Tena zaidi ya mara moja. Jibu mojawapo ni 2718 na 2718, jumla 5436. Jingine ni 1729 na 1729, jumla 3458. Wanahisabati watatabasamu: 2718 ni tarakimu za mwanzo za nambari e, msingi wa logi asilia, na 1729 ni nambari ya teksi ambayo mwanahisabati Ramanujan alimwambia mwenzake Hardy kuwa ndiyo ndogo kuliko zote zinazoandikika kwa namna mbili kama jumla ya vipeo viwili vya tatu. Saba na tatu pia ni kumi: SABA ikiwa 5181 na TATU ikiwa 2123, KUMI ni 7304. Fumbo lenye majibu mengi huhesabiwa kuwa dhaifu, kwa hiyo mtunzi hana budi kuongeza masharti.

Mengine hayawezekani, na kujua kwa nini kuna raha yake. Moja na moja ni mbili, lakini MOJA na MOJA haziwezi kutoa MBILI. Jumla ya nambari mbili za tarakimu nne, ikifika tarakimu tano, lazima ianze na 1. Basi M ni 1. Lakini MOJA nayo inaanza na M, kwa hiyo iko chini ya 2000, na ikijumlishwa mara mbili haifiki 4000, sembuse elfu kumi. TATU na TATU nazo haziwezi kutoa SITA. Mahali pa makumi T mbili hutakiwa zirudi kuwa T, na hilo huwezekana tu T ikiwa sufuri, ambayo haianzi nambari, au tisa, ambayo hufanya jumla ivuke tarakimu nne.

Sasa Kikuyu. Lugha hii iliandikwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wao, Barlow, alitoa masomo yake ya sarufi mwaka 1914, na kamusi kubwa iliyohaririwa na Benson ikatoka mwaka 1964. Tahajia iliyoshika ina ĩ na ũ, zenye alama juu, na kila moja ni herufi moja. Nambari za kuhesabia ni ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ, inya, ithano, ithathatũ, mũgwanja, inyanya, kenda, ikũmi. Idadi ya herufi zake kwa mpangilio huo ni 4, 5, 6, 4, 6, 9, 8, 7, 5, 5.

Inya, yaani nne, ina herufi nne, kama Kiingereza. Mũgwanja, saba, ina nane; inyanya, nane, ina saba; hizo mbili zinabadilishana bila kikomo. Ithano, tano, ina sita. Ithathatũ, sita, ina tisa. Kenda, tisa, ina tano. Na duara limefungwa. Ndani ya nambari kumi Kikuyu kina kituo kimoja, jozi moja na duara la watatu. Kiingereza kina kituo tu, Kiswahili kina jozi tu.

Makubwa yako mbele. Kumi na moja ni ikũmi na ĩmwe: tano, mbili na nne, jumla 11. Kumi na mbili ni ikũmi na igĩrĩ: tano, mbili na tano, jumla 12. Kumi na tatu ni ikũmi na ithatũ, jumla 13. Kumi na sita ni ikũmi na ithathatũ: tano, mbili na tisa, jumla 16. Nambari nne zaidi zinajitaja zenyewe, tatu kati yake zikifuatana. Kumi na nne huenda 11 na kutulia; kumi na tano huenda 13; kumi na saba huenda 15, kisha 13; kumi na nane huenda 14, kisha 11; kumi na tisa huenda 12. Baada ya hapo maneno hayawezi tena kuufikia urefu wa nambari: 21, mĩrongo ĩrĩ na ĩmwe, ina herufi 16. Lugha ambayo haikuwahi kuwekwa katika vitabu mashuhuri vya mchezo huu ina nambari tano zinazojitaja, na Kiingereza kina moja.

Ni sadfa, lakini yenye maelezo. Maneno ya Kikuyu hayakubanwa katika herufi nne nne kama ya Kiswahili. Yanatofautiana kutoka nne hadi tisa. Ikũmi na pamoja zina herufi 7, hivyo kila nambari ya chini ya kumi ambayo neno lake limeizidi kwa herufi tatu kamili hujitaja ikipandishwa kwa kumi. Ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ na ithathatũ zote zina ziada hiyo ya tatu. Mtu anaweza kubisha kwamba th ni sauti moja na ihesabiwe mara moja. Kanuni hiyo ikikubaliwa, ithano huwa na herufi tano na kujitaja, duara la 5, 6 na 9 huvunjika, na 13 na 16 huanguka. Kila mchezo una kanuni zake; hapa zimefuatwa herufi kama zinavyoandikwa.

Kikamba, jirani wa karibu, kina inya yenye herufi nne na itano yenye tano, vituo viwili ndani ya kumi. Ilĩ, mbili, ina herufi tatu. Itatũ ina tano. Na hapo safari imekwisha.

Wakikuyu wenyewe walikuwa na uangalifu wa zamani kuhusu maneno ya nambari, na haukuwa mchezo. Kuhesabu watu na mifugo kwa idadi kamili kulidhaniwa kuleta nuksi, na saba ilihofiwa. Mabinti wa wazazi wa kwanza wa simulizi, Gĩkũyũ na Mũmbi, ambao koo zinatokana nao, walikuwa kumi, lakini hesabu yao hutajwa kenda mũiyũru, tisa iliyojaa. Nambari ilisemwa kwa kuzungukwa. Upande wa burudani ulikuwa ni vitendawili, gwata ndaĩ, ambavyo watoto walitegeana jioni kama wenzao wa pwani wanavyoambiana tega. Akili ya kufurahia fumbo ilikuwapo tayari kabla ya tahajia. Kilichokosekana ni herufi za kuhesabu.

Thika ina kiungo kingine cha herufi na nambari, tena cha kazi. Shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946 imefundisha vizazi vya wanafunzi kusoma kwa breli, na katika breli herufi kumi za kwanza, a hadi j, ndizo tarakimu 1 hadi 9 na sufuri. Kinachotofautisha ni alama ya nambari inayowekwa mbele. Msomaji akiikosa alama hiyo kwa kidole, 2121 husomeka baba, na 8101 husomeka haja. Ni abjadi nyingine, iliyobuniwa Ufaransa na Louis Braille katika karne ya 19, na kwa maelfu ya Wakenya si mchezo hata kidogo. Ndiyo njia ya kuingia katika hesabu.

Mtaani, sheng imeleta majina mapya ya fedha, ashuu kwa kumi, mbao kwa ishirini, soo kwa mia, ngiri kwa elfu. Majina haya hayaundi mnyororo kamili kwa sababu hayataji kila nambari, na hubadilika haraka kuliko kamusi yoyote.

Jina la mtaa wenyewe linafaa kuonyesha tofauti ya lugha. Landless lina herufi nane. Mwenye kuhesabu kwa Kiingereza huanza eight yenye tano, huenda five yenye nne, hutulia four. Kwa Kiswahili nane huenda nne, nne huenda tatu, na ngoma hubaki kati ya hao wawili. Kwa Kikuyu inyanya huenda saba, mũgwanja hurudi nane, na nambari ya mwanzo hurejea kila baada ya hatua mbili. Thika na mji jirani wa Ruiru, zenye herufi tano tano, huingia moja kwa moja katika duara la tano, sita na tisa.

Katika madarasa ya mwanzo Kenya imeruhusu kufundisha kwa lugha ya mama au kwa Kiswahili, na mchezo huu ungefaa mahali hapo hasa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuucheza bila kifaa chochote. Humfunza tahajia, humfunza kujumlisha, na humwonyesha kwamba lugha ya nyumbani kwake ina hesabu ambayo mwalimu huenda hajaiona. Kimeru, Kiluo, Kigiriama, Kitaita, Kiluhya na lugha nyingine zina maneno yao ya nambari na tahajia yao. Msomaji mwenye lugha mojawapo na aandike 1 hadi 20 kama zinavyohesabiwa kwao, aamue kanuni ya herufi kabla hajaanza, kisha ahesabu.